Shomoro na Nywele za Lenox

Usiku wa manane mtoto Lenox aliangua kilio, na kabla hajavuta pumzi ya kukiendeleza, shomoro wa chini ya mabati wakamjibu, chwi chwi chwi, saa ambayo ndege hulala. Everlyn, mama yake, hakufumba jicho tena. Asubuhi akamwachia mama mkwe mtoto, akasema anaenda kununua maziwa, akakimbilia kijiweni. Hapo mtaani Satellite kijiwe ni benchi ya mbao mbele ya kibanda cha kinyozi. Shiko huuza kahawa, na Mashine, kinyozi mwenyewe, hubishana na Ogutu, waliyembandika jina Wakili ingawa mahakamani alienda mara moja tu, tena kwa kukamatwa.

— Niaje, Mama Lenox? Wakili akamsogezea nafasi. Mbona unahema hivyo?

Everlyn akamwaga yote kwa mkupuo.

— Si mnajua tulihama kutoka fleti ya Parklands, huko hata nyasi hakuna, sasa hapa tuko na kauwanja nyuma ya nyumba, nikaanza kuwatupia shomoro wali uliobaki, wakazoea, tunakaa na mtoto tukiwaangalia, yeye anacheka, aki nilikuwa nimepata raha. Halafu joto likamtoa vipele kichwani, nikamnyoa, hapo hapo nje. Naenda kumwaga maji, narudi, shomoro ameng'ata nywele, huyoo, juu kwa kiota! Tangu siku hiyo mtoto halali.

Shiko akaacha kumimina kahawa.

— Nywele za kwanza?

— Za kwanza. Na kwa kina bwanangu hizo hunyolewa na nyanya, anazificha mwenyewe. Na mama mkwe amefika jana. Nimemvika mtoto kofia ya sufu, nikasema ana mafua.

— Hiyo ni kesi, Wakili akasema. Ndege akilalia nywele zako, kichwa hakitulii. Yeye akigeuka kule, wewe unaumwa huku.

— Zii! Mashine akaruka. Mimi nafagia nywele za mtaa mzima, natupa kwa mtaro. Ingekuwa hivyo, Satellite yote ingekuwa wazimu.

— Na si ndivyo ilivyo? Wakili akamrudishia. Kwani wewe huwa unatembea mtaa gani?

— Mimi nilisikia makinda wakikulia juu ya nywele za mtoto, Shiko akanong'ona, siku ya kuruka wanaenda na usingizi wake.

— Na wakihamia Spring Valley kwa matajiri? Wakili akauliza. Mtoto ataanza kulia kwa Kiingereza!

Everlyn akawakatiza.

— Niambieni tu, nikishushe hicho kiota? Niko na fagio ndefu. Lakini makinda wako ndani, nawasikia. Mama yao anakuja na chakula mdomoni, ananiona nimesimama chini na fagio, haingii, hatoroki.

— Shusha, Wakili akasema.

— Wacha, Mashine akasema.

— Ndiyo maziwa haya?

Wakageuka. Mama Rael, mama mkwe wake, alikuwa amesimama kando ya kibanda, Lenox mgongoni, kofia mkononi, kichwa cha mtoto waziwazi juani. Everlyn akasimama.

— Mama, mimi...

— Nimesikia. Mtoto alikuwa anapikika ndani ya hii sufu. Akawageukia wa benchi. Na nyinyi, nywele zenu za kwanza ziko wapi?

Wakili akajishika upara. Mashine akatazama vumbi mlangoni pake.

— Mama yangu ndiye alijua, Wakili akasema mwishowe, kwa sauti ambayo hawakuizoea. Tukamzika kabla sijamuuliza.

Mama Rael akashika njia, Everlyn nyuma yake kama mtoto wa shule.

Uwanjani shomoro walikuwa wakidonoa wali. Mama Rael akainua macho hadi chini ya mabati, ambako kiota kilikuwa kinapiga kelele.

— Acha watoto wa mwenzio wakue, akasema.

Kisha, taratibu, bila kumtazama:

— Njia yote nimejiuliza. Nywele za bwanako sijui zilienda wapi. Nilikuwa msichana kama wewe, mtoto analia, nikamnyoa mwenyewe, nyanya yake akaja, ananikazia macho. Nikamwambia nimezificha.

— Na Obuya wangu akakua tu hivyo?

— Si ndiye huyo unalala naye. Akamfungua Lenox mgongoni, akampa Everlyn mikononi, mtoto amelala fofofo. Lakini bwanako asijue.

— Sitamwambia yeye, Mama, wala mtu mwingine yeyote.