Judith Guignard, Mwenye Sarafu ya Mfalme wa Makamasi

Mchungaji, Padri, wafiwa wenzetu na nyote mliofika, mimi ni Rémi, mtoto wa pili wa marehemu, na familia imenituma niwasomee safari ya mama yetu.

Judith Cormerais alizaliwa tarehe 14 Machi 1931 mjini Patay, akiwa mtoto pekee wa mzee Élie, fundi wa mapipa na Mprotestanti wa ukoo, akasoma hapo hapo hadi mwaka 1945, kisha akaajiriwa katika kiwanda cha siki hapa Orléans, alikofanya kazi miaka yote hadi kustaafu.

Mzee Élie alipofariki mwaka 1953 alimwachia sarafu ya fedha iliyopigwa mjini humu mwaka 1562, Waprotestanti walipouteka mji vitani dhidi ya Wakatoliki, wakayeyusha vyombo vya makanisa ili walipe askari, na kwa kuwa kazi ilifanywa kwa haraka, mfalme mtoto aliyechorwa juu yake alitokea kama anachuruzika kamasi, ndiyo maana nyumbani tulimwita Makamasi. Sarafu kama hiyo zimebaki chache sana duniani.

Basi mama alipochumbiwa na baba yetu Anselme Guignard, Mkatoliki, vita ile ikaanza upya mezani kwetu. Baba mdogo wa mama, Abel, aligonga meza akisema, "Babu zako walichinjwa kwa ajili ya imani, leo wewe unajipeleka mwenyewe kwa wachinjaji? Ilete hapa sarafu, haitoki kwenye ukoo!" Mama mkwe wake naye akadakia, "Ukoo gani? Hiyo ni fedha ya kikasha cha mifupa ya mtakatifu wetu, mliiba, sasa mrudishe kanisani!" Mama aliwatazama wote wawili, akasema, "Haya, wazee wangu, kaeni muamue nani alimwonea nani, mkimaliza mtanikuta nimeshaolewa."

Usiku ule hakulala kwa hasira, na asubuhi aliingia karakana ya marehemu baba yake, akachukua keekee, akaitoboa sarafu juu ya kichwa cha mfalme, akapitisha uzi mwekundu, na tarehe 18 Juni 1955, kanisa lake na la mumewe yakiwa yamewafungia milango, alifunga ndoa katika ofisi ya meya huku Makamasi akining'inia kifuani mbele ya watu wote. Abel hakusema naye tena hadi kufa, na jambo hilo lilimuuma mama kuliko alivyokubali kuonyesha.

Walijaliwa watoto wawili, Solange mwaka 1956 nami mwaka 1959. Mama mkwe alipopooza, ni mama aliyemwogesha na kumlisha, na siku moja bibi aliishika ile sarafu iliyoning'inia kutoka shingoni mwa mama, akaitazama weee, akasema, "Huyu naye, miaka yote hii hakuna wa kumfuta pua?" wakacheka hadi maji ya kuogea yakapoa.

Mwaka 1971 alikuja mnunuzi kutoka Paris, na alipoona tundu alishika kichwa. "Bibi, nani kafanya unyama huu? Ameiua thamani yake!"

"Ni mimi," mama akamjibu, "na niliitoboa ili watu kama wewe mpite tu."

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2016, akatibiwa kwa uangalifu mkubwa, hadi tarehe 9 Novemba 2018 alipofariki nyumbani, mtaa wa Saint-Marceau, mikononi mwa Solange, ambaye ndiye aliyeivaa ile sarafu leo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuletea supu bila kuombwa, na wenzake wa kiwandani. Mchungaji na Padri, tunawashukuru kwa kusimama pamoja hapa, maana mama aliagiza hivyo, na wiki ya mwisho alituambia, "Wote wawili waje, na wakigombana juu ya jeneza langu, nitatoka niwatimue."

Wamenyamaza, mama. Pumzika kwa amani.