Ivy Nabwile Walubengo: Moyo Uliosubiri Mwezi wa Nane Upite

Huyu tunamzika leo Malakisi, Jumamosi tarehe 14 Juni 2025, ni Ivy Nabwile, kifungua mimba wa Jotham Walubengo na Edinah Nakhungu. Alizaliwa kwa boma hii tarehe 14 Machi 2008, wakati baba yake alikuwa anakausha tumbaku. Alitoka kimya, midomo buluu kama mtu amekula zambarau. Kukhu wake, nyanya yake, akasema, "Huyu amekuja na baridi." Haikuwa baridi. Moyo wake ulikuwa unafanya kazi nusu.

Alipasuliwa akiwa mdogo, ikamshikilia. Familia ikahamia Kibomet, Kitale, na huko akasoma mpaka darasa la saba. Hakuna mtu alimfukuza. Ni kile kilima cha kwenda shule kilimshinda. Mwalimu akimuuliza mbona amechelewa, anajibu, "Mwalimu, mimi nilitoka mapema, ni moyo imechelewa."

Akakaa kwa cherehani ya mama yake, wanashona uniform. Siku moja Mama Kipngetich, mteja wao, alimwambia ashone shati kubwa ndio mtoto akue nayo. Nabwile akaipima na macho. "Mama Kipngetich, hii tunashonea Kipngetich ama baba yake?" Duka yote ikacheka.

Hakuolewa. Alikuwa anasema huyo bwana atakuja na pikipiki, juu yeye kwa miguu haendi.

Mwaka wa 2024 pumzi ikaanza kuisha hata akiwa ameketi. Daktari wa Eldoret akaeleza kwamba kuna madaktari wageni wanakuja na mrija wa kupeleka damu kwa mapafu, wenye unayeyuka polepole mwilini. Bado walikuwa wanaujaribu, hakuficha. Mama Edinah akaelewa nusu. "Ati unayeyuka? Uyeyuke ndani ya mtoto?" Nabwile ndiye alimwelewesha. "Mama, ile mirija ya kawaida ya plastiki ni kama uniform, nikikua inanibana, wananipasua tena. Hii ni kama ule uzi tunashikiza nguo nayo. Mwili ikimaliza kushona mshipa yake, uzi inaisha yenyewe."

Tarehe ikatolewa, 19 Agosti.

Lakini hiyo Agosti Hillary, ndugu yake, alikuwa anaenda kutahiriwa, na msimu wetu huja kila miaka miwili. Na kijana wetu haendi kwa kisu kabla khocha, ndugu ya mama, amvishe luliki, ile nyama ya fahali inayovaliwa shingoni. Khocha wao ni Mzee Wakoli. Alikuja Kibomet, akakataa hata chai.

"Edinah, damu mbili kwa boma moja, msimu mmoja? Luliki simvishi."

"Kaka, mtoto anaisha pumzi."

"Si wangoje mwezi wa nane upite? Hiyo moyo imengoja miaka kumi na sita, itashindwa na wiki mbili?"

Nabwile akamwambia, "Khocha, basi nikatwe mimi kwanza, Hillary angoje 2026." Watu wakacheka. Nabwile mwenyewe hakucheka.

Mama Edinah alikuwa katikati. Akisema ndiyo kwa upasuaji wa Agosti, kijana wake anachekwa maisha yote. Akisema hapana, hajui kama msichana atafika Septemba. Mwishowe baba akapiga simu Eldoret, akaomba Septemba. Wakamwambia sawa. Kwa boma hiyo hakuna aliyejua kwamba wale wageni wako Kenya hizo wiki tu. Septemba ilipofika, walikuwa wameshaenda na mirija yao. Wangerudi Machi.

Hiyo miezi Nabwile alilala ameketi. Miguu ikafura, tumbo ikajaa maji. Mama yake alikuwa anamwekea mkono kifuani asubuhi kabla ya kufungua mlango. Tarehe 10 Machi 2025 wakamfikisha Eldoret amebebwa. Daktari akampima, akatoka nje na wazazi. "Mrija uko," akasema. "Moyo ndio umechoka. Tukimlaza kwa meza hataamka."

Mama Edinah alipiga magoti hapo kwa koridoo. "Muwekeeni tu. Hata kama ni kujaribu." Hawangeweza. Nabwile alirudishwa Malakisi, na Ijumaa tarehe 6 Juni akafariki, ameegemea mama yake.

Amewaacha baba na mama, kukhu wake, khocha Wakoli, na ndugu zake Hillary na Makokha.

Mzee Wakoli ndiye ameomba haya yaandikwe yote, yasifichwe.

Na kuna hili pia. Makokha, kitinda mimba, wamemsikia moyo wake unavuma, na tarehe yake Eldoret ni Jumatatu hii, siku ya familia kunyoa nywele za matanga. Jana wazee waliuliza kama inaweza kusukumwa mbele kidogo. Mzee Wakoli akasimama.

"Haisukumwi. Nywele itangoja."

Lala kwa amani, Nabwile. Jumatatu asubuhi tunaondoka na Makokha.