Tela Linalovuta Kushoto

Hebu fikiria kona ya barabara yenye vumbi la rangi ya kutu. Upande mmoja kuna geti la bati la yadi ya vyuma chakavu. Upande wa pili kuna kiti kirefu cha basi lililokufa zamani, kimechomelewa juu ya rimu mbili za lori, na hilo ndilo benchi la kijiwe. Mbele ya benchi kuna jiko la mkaa, juu ya jiko birika, na nyuma ya birika mwanamke wa sauti nene ambaye kila mtu humwita Shangazi, ingawa hakuna hata mmoja pale aliye mtoto wa kaka yake. Ni saa tatu asubuhi. Kando ya geti limeegeshwa lori refu, kichwa na tela lake, na tela limeinama kushoto kama mtu anayesikiliza umbea wa jirani. Sasa mtazame yule mwembamba aliyeshika kikombe kwa mikono miwili na hanywi. Huyo ndiye dereva wa lori lile. Wanamwita Taratibu, kwa sababu hajawahi kumpita mtu barabarani, hata mwenye baiskeli.

— Kunywa, baba, inapoa, Shangazi akamwambia.

— Ikipoa nitainywa hivyohivyo.

— Kahawa yangu haiachwi ikapoa. Kunywa.

Taratibu akanywa, lakini hakusikia ladha. Jana jioni shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye ndiye mwenye lori, alikuwa amempa habari akiwa amesimama mlangoni, bila hata kukaribia ndani. Leo saa nne angekuja mkataji na mitungi yake ya gesi, alikate lile tela vipande vipande, liende tanuruni pamoja na vyuma chakavu vingine. Tela lilikuwa linavuta kushoto. Lilikula matairi ya kushoto kama mtoto anavyotafuna ncha ya penseli. Mafundi watatu walikuwa wameshindwa. Na kichwa cha lori kisicho na tela hakina cha kuvuta. Nacho kingeuzwa, na dereva wake angerudi nyumbani kukaa.

Miaka tisa Taratibu amekuwa akivuta vyuma chakavu kutoka yadi hii hadi tanuruni. Binti yake akiulizwa shuleni baba anafanya kazi gani, hujibu: baba hupeleka vitanda vya zamani vikazaliwe upya. Asubuhi hii, alipokuwa akifunga mkoba wake, binti huyo alikuwa amemuuliza kama leo angevuta vitanda vingapi, na Taratibu alikuwa amejifanya anatafuta kiatu.

Benchini walikuwa wawili zaidi. Wa kwanza ni Fundi Springi, mweusi wa grisi hadi kwenye viwiko, ambaye ndiye wa mwisho kati ya wale mafundi watatu. Wa pili alikuwa karani wa mizani ya malori kabla hajastaafu. Huyo jina lake ni Redio, kwa kuwa hana kitufe cha kuzimia.

— Springi zote za kushoto nimebadilisha, Fundi akasema. Zote! Baada ya wiki mbili zimelala tena chali. Mimi nasema ni barabara.

— Barabara imefanya nini tena? akauliza Taratibu.

— Imeinama. Barabara zote zinainamishwa pembeni, maji ya mvua yapate kutoka. Kwa hiyo wewe kila siku unaendesha ubavuni mwa kilima.

— Na malori mengine mbona hayavuti kushoto? Barabara ni hiyohiyo.

Fundi akafikiri, akajikuna kidevu, akaacha alama nyeusi.

— Mengine yanakwenda haraka. Yanafika kabla hayajainama.

Shangazi akacheka mpaka mfuniko wa birika ukatikisika.

— Ninyi wanaume mnatafuta mbali. Swali ni hili: mnabeba nini humo? Magari yaliyokufa. Na mengi yao, huko yalikotoka, usukani ulikuwa kushoto. Chuma kina kumbukumbu, wanangu. Kinaelekea kule kilikozoea.

— Chuma kina kumbukumbu! Fundi akashika kichwa.

— Kwa nini kisiwe nayo? Mlango wangu wa chuma, kila mvua ikikaribia, unaanza kulia.

— Basi huo unavuta kulia, si kushoto, akasema Redio.

Hata Taratibu alitabasamu kidogo. Redio alipoona tabasamu hilo akajivuta mbele ya benchi, akaweka kikombe chini, na wote wakajua kwamba matangazo yameanza.

— Wahenga walisema...

— Waache wahenga wapumzike, Shangazi akamkata. Sema ya kwako.

— Haya, ya kwangu. Kule tanuruni mzigo unashushwa na nini? Na kreni yenye sumaku, pana kama meza ya kulia chakula. Miaka tisa tela hili linapapaswa na sumaku. Mnadhani limebaki hivihivi? Limegeuka. Tela lenyewe sasa ni sumaku! Na sumaku, watu wangu, huelekea kaskazini.

— Kaskazini ni nyuma yangu nikienda tanuruni, akasema Taratibu.

— Umeona! Linakuvuta kwa nyuma. Ndiyo maana unakwenda taratibu!

Benchi zima likapiga makofi. Redio, kwa kuwa mwanzoni alikuwa akitania na sasa ameanza kujiamini, alinyakua kijiko cha Shangazi, akavuka barabara, na kukibandika kwenye ubavu wa tela. Akakiachia. Kijiko kikaanguka. Akakiokota, akajaribu mbele kidogo. Kikaanguka tena.

— Hiki kijiko si chuma halisi, akasema aliporudi.

— Kijiko changu usikitukane, Shangazi akajibu. Kioshe.

Taratibu alicheka nao, lakini jicho lake lilikuwa mwisho wa barabara. Na huko ndiko alikotokea mwanamke wa makamo ndani ya ovaroli ya buluu, akisukuma mkokoteni wenye mitungi miwili na mpira mrefu uliokunjwa, miwani ya giza ikiwa juu ya kipaji cha uso. Kicheko kilikatika kama redio iliyochomolewa ukutani.

— Shikamoo, Shangazi, akasema, kwa maana watu wote hugundua jina hilo wenyewe. Habari zenu, jamani. Dereva wa lile tela ni nani?

— Ni mimi, Taratibu akasimama.

— Pole, kaka yangu. Najua si habari njema. Nimeambiwa nikate, nami kazi yangu ndiyo hiyo. Ila nina swali moja kabla sijawasha moto. Sakafu yake ni ya nini? Ya chuma au ya mbao?

— Sakafu?

— Ya humo ndani. Kama ni mbao, lazima nizing'oe kwanza. Nikikata juu ya mbao zitashika moto. Nilishachoma nyusi zangu mara moja, zikachukua miezi kurudi.

Taratibu akalitazama tela lake. Alijua kila kovu la tela lile. Alijua mlango wa nyuma unabanwa wapi, taa ipi inahitaji kofi ndipo iwake. Lakini sakafu? Shemeji aliponunua tela lilikuwa tayari na takataka ndani. Akamgeukia Fundi.

— Wewe umelala chini yake mara ngapi?

— Chini nimeona mihimili na tope. Juu ya tope sikuona.

— Redio, wewe uliliandika mizanini miaka mingapi? Likienda limejaa, likirudi tupu.

— Likirudi tupu, ndiyo.

— Uliliona tupu?

Redio akatazama vidole vya miguu yake.

— Niliona karatasi. Karatasi ilisema tupu.

Kisha Taratibu akaweka kikombe chini, akavuka barabara, akaparamia ukuta wa tela uliompita urefu, akachungulia ndani.

Upande wa kulia takataka zilikuwa chache, kina cha kiganja. Upande wa kushoto, kuanzia mbele hadi nyuma, zilipanda ukutani zaidi ya goti: unga wa kutu ulioganda kwa mvua, udongo, mapande ya zege, vioo, raba, soli za viatu. Kila kitu ambacho sumaku haikitaki, na kadiri tela lilivyoinama ndivyo kilivyozidi kuteremkia upande huo. Taratibu aliona kreni ya tanuruni kichwani mwake. Husimama kushoto siku zote, na aliye juu yake haoni chini ya ukuta ulio karibu naye. Hupunga mkono: tupu! Na yeye Taratibu, kila siku ya Mungu, alikuwa akipiga honi ya kushukuru na kuondoka na kilima chake.

— Kuna nini? Fundi akaita kutoka chini.

— Kuna miaka tisa, Taratibu akajibu.

Aliporuka chini, alimkuta mkataji ameketi benchini.

— Mama, nakuomba unisubiri, akamwambia. Nilifagie kwanza. Likivuta kushoto bado, ukate.

Yule mwanamke alitazama mitungi yake, akatazama tela, akatazama uso wa dereva.

— Mwenye tela ameniita kwa kazi ya leo. Lakini siwezi kukata nisipojua chini kuna nini. Nitakunywa kahawa. Kahawa ikiisha, nitainuka.

— Basi leo kahawa haiishi, Shangazi akasema, akaliongezea birika maji.

Wakaazima sururu na mabeleshi kutoka yadini. Fundi Springi alivunja uchafu ulioganda, Taratibu akausukuma hadi mlango wa nyuma. Redio alivua shati lake lililopigwa pasi, akalitundika kwenye kioo cha lori, na kwa mara ya kwanza tangu astaafu akafanya kazi bila kusema. Wapakiaji wawili wa yadini walikuja kucheka, wakaishia kushika mabeleshi. Kila mkataji alipomaliza kikombe, Shangazi alijaza kingine, na kila mara maji yaliongezwa birikani.

— Shangazi, kahawa hii sasa naona mpaka chini ya kikombe, akasema mkataji.

— Ndivyo wageni wetu wanavyoipenda.

— Hii si kahawa tena. Haya ni maji yaliyopita karibu na kahawa.

— Kwa hiyo imeisha?

Mkataji akakigeuza kikombe kifudifudi juu ya benchi, akavaa glavu zake za ngozi na kuvuka barabara. Shangazi alishika kifua. Lakini mwanamke yule aliipita mitungi yake, akachukua sururu iliyokuwa imelala, akapanda.

Ilikuwa karibu saa nane beleshi la Taratibu lilipotoa mlio mwingine. Si mlio wa jiwe wala wa chuma. Akapiga magoti, akafuta kwa kiganja. Ubao. Ubao mnene, mweusi kwa unyevu, na chini ya uweusi, alipoukwaruza kwa ukucha, mwekundu na mzima.

— Mbao! akapaza sauti. Ni mbao!

— Nilisema mimi, Redio akadakia, ingawa hakuwa amesema.

Na hapo ndipo shemeji alipofika, na simu mkononi, akitarajia kuona vipande. Alikuta tela zima, kilima cha uchafu kando yake, na watu sita wenye sura za rangi moja.

— Hili ni nini?

— Shemeji, nipe dakika tano tu, Taratibu akasema. Simama hapo getini, utazame matairi ya kushoto.

Akapanda kichwani, akawasha. Lori likajivuta barabarani taratibu, kama kawaida yake. Kwa miaka mingi mkono wake wa kulia ulikuwa umezoea kung'ang'ania usukani, na leo uliendelea kung'ang'ania, hadi lori likaanza kwenda kulia! Akalegeza vidole. Lori likanyooka. Akatazama kioo cha pembeni: bega la kushoto la tela lilikuwa limeinuka. Si lote; lilibaki limeinama kidogo, upana wa vidole viwili, maana springi zilikuwa zimechoka. Aliporudi getini, Fundi alikuwa tayari chini ya tela, amelala chali.

— Hizi sasa nazirekebisha, akasema kutoka huko. Hizi nazijua.

Shemeji alizunguka tela mara mbili. Alipiga teke tairi la kushoto, kama wanavyofanya wenye malori wote wakikosa la kusema. Kisha akamgeukia mkataji.

— Nimekuita bure, dada.

— Hukuniita bure. Ukuta wa mbele una ufa, mzigo utaupasua. Gesi inayokata chuma ndiyo hiyohiyo inayokiunga.

— Basi unga. Na wewe, shemeji, kesho nani atasimama na mwenye kreni?

— Mimi mwenyewe. Nitapanda nikachungulie kabla sijapiga honi.

Shangazi alimwaga kilichobaki birikani, akaweka kahawa mpya, nzito, ambayo ilinukia hadi ng'ambo ya barabara. Wakarudi benchini wote, na kwa kuwa walikuwa wengi kuliko kiti, mkataji akapewa nafasi ya katikati. Redio akaanza kueleza kwa nini ufa huanzia mbele na si nyuma, jambo lililohusu mwezi.

Nawe uliyeketi nasi muda wote huu, wasahau ukipenda, mmoja mmoja, na maneno yao mengi. Ila nakuomba ukumbuke kitu kimoja: yule mwanamke wa mitungi hakujua lolote kuhusu tela lile, na hakuona haya kuuliza.