Jani la Thelathini na Moja: Mama Leimala Toara Anastaafu

Ijumaa ya tarehe 28 Novemba, saa kumi jioni, Mama Leimala Toara atafunga droo yake, atautia kwapani mto wake wa kulalia na kuondoka ofisini kwetu baada ya miaka ishirini na saba ya kazi. Nimeombwa niandike wasifu wake kwa ajili ya jarida la wafanyakazi, ukurasa mmoja, na uwe wa kuchangamsha. Uchangamfu upo. Kuhusu ukurasa mmoja, mtanisamehe, mimi ni fundi seremala na sijazoea kukata kitu kifupi kuliko kinavyotakiwa.

Wengi mnamjua kwa cheo chake: Mratibu wa Ujenzi Mpya, Ofisi ya Msaada ya Visiwa vya Kati. Mimi namjua kama mtu aliyenishika shati mgongoni kwa miaka kumi na tisa. Mama Leimala anaogopa bahari. Amezaliwa kisiwani, kazi yake yote ilikuwa kwenda visiwani, na bado akipanda boti anafumba macho, anashika shati langu na haliachii mpaka boti iguse mchanga. Amenichania mashati manne. La nne lilikuwa la harusi ya dada yangu, na mpaka leo anadai lilikuwa limeshachakaa.

Huo mto nao si mzaha. Alikuwa nao kwenye kila safari, na mikutanoni aliuweka mapajani, akasinzia. Siku moja walikuja wakubwa kutoka mjini Vila kutuonyesha ramani ya kijiji kipya. Mama Leimala alilala tangu sala ya ufunguzi. Mwenyekiti alipouliza kama kuna mwenye maoni, akasema macho bado yamefumba, "Choo mmekiweka juu ya kisima," akaendelea na usingizi wake. Tukaikodolea ramani macho. Kweli, kilikuwa juu ya kisima.

Alianza kazi kwa kugawa mablanketi, mwaka ule wa kimbunga. Baadaye akagawa maturubai, baadaye mabati, mpaka siku moja akamwambia mkuu wetu wa wakati huo kwamba amechoka kugawa vitu, anataka kurudisha nyumba. Yule bwana akamuuliza tofauti ni nini. Mama Leimala akamjibu kuwa bati ni bati, lakini nyumba ni mahali ambapo mtu anajua kutembea gizani bila kujikwaa. Akapewa kazi hiyo, na mimi nikapewa yeye.

Tangu hapo amesimamia nyumba mia mbili na kumi na nne katika visiwa sita. Ni yeye aliyeng'ang'ania nyumba za kufungwa kwa kamba na kuezekwa kwa makuti zihesabiwe kuwa nyumba halali za msaada, wakati wataalamu wote walitaka matofali. Alikuwa amewaona wazee wake wakizifunga. Alisema nyumba ya kamba hucheza na ardhi, kisha hurudi ilipokuwa. Ni yeye pia aliyewafundisha akina mama wa kisiwa cha Lamoru kazi ya useremala, na leo wapo wanne wanaonizidi kupiga randa. Nimelikubali hilo, ingawa si hadharani mpaka leo.

Lakini njia yake ya kazi, ile iliyowafanya wageni watazamane, ilikuwa ndoto. Akifika kijiji kilichobomoka, hakuanza na orodha. Alikaa chini, akaweka kiganja cha mkono ardhini kidogo, kisha akauliza, "Mmelalaje? Mmeota nini?" Watu walisimulia. Mtu aliyepoteza nyumba, akilala anarudi ndani yake: anapita mlango uleule, anainamisha kichwa palepale penye boriti fupi, anamkuta bibi yake kwenye ile kona yenye jua la asubuhi. Mama Leimala alisikiliza, na kwa kijiti akachora mchangani. Mlango huku, dirisha pale, kona ya bibi hapa. Nami nikajenga kutokana na ile michoro. Nimejenga nyumba zilizoelezwa na watu waliokuwa wamelala, na sijaona hata mmoja aliyesema mlango haupo mahali pake.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo yeye mwenyewe alinikataza nisiliandike, kisha Jumanne ya wiki hii akanipa ruhusa.

Miaka kumi na mitatu iliyopita, Jumapili asubuhi, watu wakiwa kanisani, tetemeko kubwa lilipiga kisiwa cha Lamoru. Sisi tulifika kijiji cha Woramasi kesho yake. Vumbi jeupe la saruji lilikuwa limetanda juu ya kila kitu, juu ya migomba, juu ya migongo ya nguruwe, juu ya nywele za watu. Hakuna aliyelia kwa sauti. Walitembea polepole, wakisema kwa minong'ono, kana kwamba kisiwa ndicho kilichokuwa kimelala na hawakutaka kukiamsha. Ardhi ilikuwa bado inatikisika mara kwa mara, kidogo tu, na kila ikitikisika watu wote walisimama, kisha wote wakaendelea na walichokuwa wakifanya. Nikikumbuka siku zile huwa sina hakika kama nilikuwa macho.

Watu kumi na mmoja walikuwa wamekufa. Mmoja alikuwa Leiwia, mke wa mzee tunayemwita Babu Kaltongo. Hakwenda kanisani Jumapili ile kwa sababu alikuwa anaandaa laplap, viazi vikuu vya kukuna, na alitaka mumewe akirudi aikute ya moto. Jiko la uani lilimwangukia. Nyumba yenyewe ilibaki imesimama, imepasuka kona moja.

Nyumba nyingi zilikuwa hivyo, zimesimama lakini haziaminiki. Mhandisi alipita akizipaka alama nyekundu ili watu wasiingie. Wakaingia. Wengine walianika nguo juu ya ile alama. Bibi mmoja aliisifia rangi, akaomba kopo ili amalizie ukuta uliobaki. Mhandisi akashika kichwa. Ndipo Mama Leimala akaenda kwa Chifu Tarimas kuomba ruhusa ya kutumia majani ya namele.

Kwa wafadhili wa ng'ambo wanaosoma jarida letu: jani la namele likifungwa mlangoni, hakuna anayepita. Halifunguliwi na mtu yeyote ila aliyelifunga, tena chifu akiwepo. Huo ni mwiko, na hatuutanii. Chifu alikubali, na Mama Leimala akafunga majani thelathini na moja kwa mikono yake, mimi nikimbebea mzigo. Kuanzia jioni ile hakuna aliyekanyaga ndani ya nyumba mbovu. Matetemeko madogo yaliangusha saba kati ya hizo, zikiwa tupu, ikabaki miimo ya milango na majani yake. Hayo ni maisha ya watu yaliyookolewa na majani, na ndiyo sifa yake kubwa kuliko zote. Ndipo pia alipokosea.

Tulijenga, tukakarabati. Ile kona ya Babu Kaltongo niliishona kwa saruji na nondo nikiwa nje. Miezi minne baadaye chifu akachinja nguruwe, mikeka ikatandikwa, na Mama Leimala akazunguka nyumba kwa nyumba akifungua majani. Kufikia adhuhuri alikuwa amefungua thelathini. Lililobaki lilikuwa kule juu, nyuma ya mishelisheli, kwa Babu Kaltongo. Redio ikaita: kimbunga kinakuja visiwa vya kusini, boti irudi sasa hivi. Tukakimbilia pwani. Mimi nilidhani ameshapanda kule asubuhi. Yeye, kwenye zile mbio, alidhani amemaliza.

Tulirudi Lamoru baada ya mwaka mzima na miezi miwili, kwa ajili ya ukaguzi. Watu wakakusanyika, Mama Leimala akakaa chini, akaweka kiganja ardhini, akauliza kama kawaida yake, "Haya, mmeota nini?" Wakasimulia, tukacheka. Zamu ya Babu Kaltongo ikafika.

"Mimi naota kitu kilekile," akasema. "Nafika mlangoni kwangu. Leiwia yuko ndani, anakuna viazi. Ananiambia, 'Ingia basi, chakula kinapoa.' Namwambia siwezi, kuna jani."

Nilimwona Mama Leimala akihesabu kimoyomoyo, na nikaona alipofika thelathini.

Mzee alikuwa amelala kwenye turubai miezi yote ile, hatua kumi kutoka nyumba nzima isiyo na kasoro. Hakumlalamikia mtu. Mama Leimala alipomuuliza kwa nini hakutuma neno, akasema kwa upole, "Binti, mimi nilidhani umeona kitu ambacho sisi hatukioni." Maneno hayo yalimchoma kuliko matusi. Hata chifu alikuwa amedhani hivyohivyo.

Aliomba msamaha jinsi inavyotakiwa. Hakutumia boti wala mfuko wa ofisi. Alikodi boti kwa pesa yake, akaleta nguruwe wa nyumbani kwao na mikeka ya marehemu mama yake, akapiga magoti mbele ya watu wote. Babu Kaltongo akaipokea mikeka, akamwinua. Mama Leimala alipotaka kupanda kulifungua lile jani, mzee akamzuia.

"Usilifungue leo. Kesho asubuhi. Acha nimwambie kwanza kwamba nakuja."

Asubuhi lilifunguliwa. Babu Kaltongo aliingia peke yake, akakaa ndani muda mrefu, akatoka akasema kona imeshonwa vizuri. Nilijisikia kama mtoto aliyesifiwa darasani. Tulikaa Woramasi siku sita zaidi, na siku ya kuondoka mzee akashuka pwani kutuaga.

"Binti, nimelala ndani siku sita," akasema. "Hajaja. Umenirudishia nyumba, umenichukulia mke."

Alisema akicheka, ni mtu wa utani, na watu wote wakacheka, na Mama Leimala akacheka nao. Lakini siku hiyo kwenye boti hakunishika shati. Alikaa mbele, macho wazi, akiyaangalia maji mpaka tukafika.

Tangu siku hiyo hakuna kazi aliyoifunga bila kurudi kuitazama kwa macho yake, hata kama ilimaanisha siku mbili za kutapika baharini. Ofisi nzima imerithi tabia hiyo, nasi tunaiita "kwenda kuangalia majani". Alitakiwa kustaafu miaka miwili iliyopita, akasema kuna kazi ya Lamoru haijaisha. Mwaka jana akasema vilevile. Mkuu alitafuta kazi hiyo kwenye mafaili yote asiione. Mimi niliijua, nikanyamaza.

Kwa maana kila tulipofika Woramasi alimuuliza mzee swali lake, na kila mara mzee akampiga chenga.

"Babu, umeota nini?"

"Nguruwe. Mnono."

Safari nyingine: "Babu, umeota nini?"

"Sijaota. Nimelala tu, kwani ni lazima?"

Karibu miaka kumi na miwili hiyo. Mzee alikula naye, akamtania, akampa viazi vya kupeleka mjini, wala hakuwa na kinyongo hata chembe. Mwenye kinyongo alikuwa Mama Leimala, na alikuwa amejiwekea yeye mwenyewe. Aliwahi kuniambia, tukisubiri maji yajae, kwamba amewarudisha watu mia kadhaa ndani ya ndoto zao na mmoja amemfukuza kutoka kwenye yake. Nilimpa embe.

Jumanne asubuhi simu yake ililia, nasi tukiwa tunapanga viti vya sherehe. Ilikuwa namba ya mjukuu wa Babu Kaltongo, mwalimu pale kijijini. Mzee sasa ana miaka themanini na minane, na haamini kwamba simu inasikia bila kufokewa, kwa hiyo ofisi nzima tulisikia.

"Binti, amekuja."

"Nani, Babu?"

"Nani tena? Leiwia. Nimemuota jana. Amekaa kizingitini anakuna viazi. Ameniangalia, akaniuliza, 'Yule binti wa majani yuko wapi? Mbona haji kula?'"

Mama Leimala alikuwa ameshika kiti. Akakiweka chini taratibu.

"Babu," akasema, "jani lilikuwepo?"

"Jani gani? Si nimekwambia amekaa mlangoni? Mlango uko wazi."

Akashukuru, akakata simu. Kisha akachuchumaa hapohapo katikati ya viti, akaweka kiganja kwenye sakafu ya ofisi. Alipoinuka macho yalikuwa mekundu, akaniambia niandike chochote nitakacho, na kwamba Jumamosi anataka boti.

Basi Jumamosi nitampeleka Lamoru, nikiwa nimevaa shati la tano, la zamani. Sisi wa ofisi ya Visiwa vya Kati tunamshukuru kwa nyumba mia mbili na kumi na nne, kwa kile choo, kwa mto na usingizi wake, na kwa kutufundisha kurudi. Kiti chake tumemwomba akifunge jani la namele kwa mkono wake, chifu wa mtaa akiwa shahidi. Hakuna atakayekikalia mpaka atakapokuja kulifungua mwenyewe, na tunamwomba asiharakishe.

Tunakutakia siku ndefu, afya, bahari tulivu na ndoto zenye milango wazi. Nenda, Mama Leimala. Chakula kinapoa.

Tomsen Maseng, fundi seremala