Dishi la Binti wa Wembe

Kijiwe chetu ni benchi moja refu lililoegemea ukuta wa kinyozi, pale njia panda, na asubuhi hiyo kilikuwa na mambo mawili mapya. La kwanza lilikuwa uani, nyuma ya ukuta: basi dogo kuukuu ambalo binti wa kinyozi ameligeuza nyumba, lina kitanda, jiko, meza ya kazi na pazia la maua. Aliliegesha jana, akitokea anakojua mwenyewe. La pili lilikuwa mbele ya benchi: meza fupi, nyeupe, bapa, yenye mguu mmoja wa chuma, ambayo jana haikuwepo. Hakuna aliyeuliza. Kijiweni kitu kizuri kikitokea huulizi, unaweka kikombe.

Mimi ni fundi cherehani, ingawa benchi hili linanijua kuliko cherehani yangu. Kinyozi tunamwita Wembe, kwa sababu ya ulimi wake, maana wembe wenyewe siku hizi unavuta ndevu badala ya kuzikata. Seremala ni Pima Tena. Dereva wa malori aliyestaafu ni Gia Kubwa. Muuza kahawa ni Mama Birika, na kusema kweli ni yeye peke yake anayefanya kazi hapo.

Pima Tena alipoona ile meza imelala upande alisonya, akachonga kabari, akaichomeka chini hadi meza ikakaa sawa. Kulikuwa na waya umepita hapo. Akaufukia mchangani watu wasijikwae, maana mbele ya kinyozi nyaya haziishi. Mama Birika akaweka birika katikati na vikombe pembeni. Jua lilipoanza kutuchoma, mimi mwenyewe nikachomeka mwavuli mkubwa juu ya yote. Tukakaa kama wakurugenzi.

Siku yenyewe haikuwa ya mchezo. Binti alikuwa ndani ya basi akisailiwa na watu wa mbali sana, kwa mtandao wa setilaiti. Anachora ramani za majengo. Wakimpa kazi, ataifanya popote basi litakapolala. Wakimkataa, ameshakubaliana na baba yake: basi linauzwa, naye anarudi kwenye kiti cha pili cha kunyolea. Kiti hicho Wembe amekifunika shuka tangu binti aondoke, na hakuna mteja anayeruhusiwa kukikalia, hata foleni ifike barabarani.

Wembe: Eti yuko kazini. Mtu amekaa kwenye gari lisilokwenda, anaongea na kioo.

Gia Kubwa: Mimi nimezeeka nimekaa kwenye gari, na nilikuwa naita kazi.

Wembe: La kwako lilikuwa linakwenda.

Gia Kubwa: Siku nyingine.

Mama Birika: Mwache mtoto wa watu. Akikusikia huko ndani?

Wembe: Asikie. Kiti chake kipo, na shuka lake nimelifua.

Maneno hayo aliyatoa kwa mbwembwe, lakini nilimwona anatia sukari kwenye kikombe mara ya pili na bado hanywi. Wembe hajawahi kuacha kahawa ipoe. Roho yake ilikuwa uani, na alijua kwamba najua, kwa hiyo akanigeuzia bega.

Mara sauti ya binti ikatoka nyuma ya ukuta.

Binti: Baba, mtandao umekatika. Kuna mtu amegusa dishi?

Wembe: Njoo uangalie mwenyewe.

Binti: Sitoki. Juu nimevaa koti la usaili, chini nimevaa bukta, na hawa watu wanaweza kurudi hewani sasa hivi. Niangalieni tu kama kuna kitu juu yake. Linataka kuona mbingu, basi.

Sote tukainua shingo. Juu ya paa la basi, likimeremeta, kulikuwa na karai la bati, limelala kifudifudi. La mviringo, linang'aa, liko juu. Kama hilo halikuwa dishi, basi sisi dishi hatulijui.

Wembe: Hakuna aliyeligusa, mwanangu. Tunaliona hapa. Liko peupe kabisa.

Binti: Ahsante, baba.

Ndipo wataalamu wakafungua ofisi.

Pima Tena: Tatizo ni anga. Anga la huku halijanyooka, limeshuka kidogo upande wa kule kwenye mnara wa maji. Mimi jicho langu halidanganyi.

Mimi: Jicho lako ndilo lililonitengenezea kabati linalofunguka lenyewe.

Pima Tena: Hiyo ni nyumba yako imeinama.

Gia Kubwa: Acheni utoto. Setilaiti ni chombo cha safari. Kina dereva, na dereva ana zamu. Saa hizi anakabidhi usukani kwa mwenzake, na mwenzake kachelewa. Mimi nimeendesha usiku na mchana, nayajua haya.

Mama Birika: Huko juu dereva analala wapi?

Gia Kubwa: Pembeni ya njia. Anaweka tawi la mti nyuma, watu wajue kuna gari bovu.

Mama Birika: Tawi kalitoa wapi, huko juu?

Gia Kubwa: Hutembea nalo.

Wembe hakucheka. Akamwambia Gia Kubwa apande akaligeuze dishi, maana wewe, alisema, ndiye uliyezoea kupanda juu ya mizigo. Mzee akapanda ukuta akiguna, akaligeuza karai likatazama juu. Wakati huohuo Mama Birika akainua birika kutumiminia.

Binti: Imerudi. Naam, nawasikia. Naweza kuwaonyesha michoro sasa.

Gia Kubwa akabaki kule ukutani kifua mbele, kama aliyeirusha hiyo setilaiti kwa mkono wake. Mama Birika akamaliza kumimina, akalirudisha birika mahali pake.

Binti: Halo? Imeondoka tena, baba.

Wembe: Gia, umefanya nini?

Gia Kubwa: Nimepumua tu.

Wembe: Usipumue upande huo.

Wakaligeuza karai kushoto. Wakaligeuza kulia. Pima Tena akadai libanwe kwa kabari, naye kabari zilikuwa zimemwishia. Mimi, ambaye mpaka hapo nilikuwa nimejizuia, nikaona na mimi nitoe la kwangu. Nikawaeleza kwamba setilaiti inaona kila kitu duniani, na bila shaka imeona watu wazima watano wanabishana na karai, hawajafanya kazi tangu asubuhi, ikaona aibu, ikafumba jicho. Mama Birika akasema tusimhesabu yeye. Pima Tena akasema hata setilaiti lazima iende mahali kupoa, kwa nini tusiseme imezama ziwani kidogo, itaibuka. Gia Kubwa akakubali, akaongeza kwamba dereva lazima ajue kuogelea.

Binti: Baba.

Sauti ilikuwa imebadilika.

Binti: Wamenitumia ujumbe kwa simu. Watajaribu mara moja tu. Ikikatika tena wanamwita mwingine.

Wembe: Sawa, mwanangu.

Alijibu hivyo tu. Hakutaja kiti, hakutaja shuka. Alichukua taulo lake la begani, akaanza kulikunja, akalikunjua, akalikunja tena.

Wembe: Anajenga nyumba za watu kwenye kile kioo, mnajua? Alinionyesha jana. Unaingia mlangoni, unaona mpaka swichi ya taa. Nikamwambia mlango ni mwembamba.

Mimi: Ulikuwa mwembamba?

Wembe: Wapi. Ulikuwa mzuri sana.

Ndipo akafika mzee mmoja tusiyemjua, mpita njia, ndevu zimemjaa kidevuni, kofia mkononi. Akasalimu, tukaitikia bila kumtazama. Akatafuta pa kuiweka kofia yake, akasita.

Mzee: Samahani, wanangu. Hii meza ni ya nani?

Pima Tena akamtazama Wembe. Wembe akamtazama Mama Birika. Mama Birika akanitazama mimi, nami nikamtazama Pima Tena.

Pima Tena: Si ya kinyozi?

Wembe: Mimi nilijua umeitengeneza wewe.

Pima Tena: Mimi nitengeneze meza ya mguu mmoja?

Mama Birika: Nilidhani mmeninunulia.

Mzee: Nauliza kwa sababu ina waya.

Akatusogezea mchanga kwa ncha ya kiatu. Waya ule ukatokea, mweupe, mpya, ukapita chini ya benchi letu, chini ya miguu yetu sote, ukaenda moja kwa moja uani, ukaingia dirishani kwenye pazia la maua.

Wembe aliliinua birika kwa mikono miwili, polepole, kama mtu anayempokea mtoto mchanga. Mama Birika akakusanya vikombe vyote, na kile cha Wembe bado kilikuwa kimejaa. Pima Tena akapiga magoti akaing'oa kabari yake, na meza ikarudi kulala upande, ikitazama mbinguni kama ilivyokuwa ikitaka tangu asubuhi. Mimi nikaufunga mwavuli. Jua likatupiga usoni, na tulistahili.

Binti: Naam. Nawaona vizuri sana sasa. Samahani kwa usumbufu.

Tulikaa tumebana pumzi muda mrefu. Tulisikia akieleza milango na madirisha, akicheka kidogo, akieleza tena. Kisha tukasikia akisema kwamba ndiyo, kuanzia Jumatatu anaweza, na kwamba yeye popote alipo ni ofisini.

Baadaye kidogo pazia likatikisika.

Binti: Baba, wamenichukua. Mlifanya nini mpaka ikakaa sawa?

Gia Kubwa, aliyekuwa bado ukutani na karai mkononi, akaliteremsha taratibu akalificha nyuma ya mgongo.

Wembe: Tulilisogeza kidogo tu, mama. Hongera. Endelea na kazi.

Alikuwa amesimama kando ya lile dishi, juani, taulo mkononi, akifukuza nzi wasitue juu yake. Mbuzi wa jirani alipita mbali kabisa, Wembe akamtishia na yeye.

Mzee: Na ndevu zangu, kinyozi?

Wembe: Vumilia kidogo, mzee wangu. Ingia ndani ukae. Kuna kiti cha pili, kimefunikwa shuka. Litoe ulitupe pembeni, hakina mwenyewe.

Mzee: Na wewe?

Wembe: Mimi nipo kazini.