Halvard Espeland na Kompyuta za Shule ya Myrvåg

Tunayemsindikiza leo, Halvard Espeland, alizaliwa Sauda, Norway, tarehe 9 Machi 1959, kifungua mimba wa Torleif na Magnhild. Theluji ilimchelewesha mkunga, mtoto hakumngoja.

Alisoma shule ya msingi Sauda, kisha ualimu Stavanger, akahitimu mwaka 1983.

Agosti 1984 alianza kufundisha hesabu Myrvåg na hakuhama tena. Kompyuta za shule alizitilia programu huria, zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzifungua, kuzirekebisha na kuzigawa. Kila vuli aliwaita wazazi kwenye dugnad, kazi ya pamoja isiyo na malipo. Walifuta vumbi, wakabadilisha vipuri, wakanywa kahawa. Mdogo wake Borghild, aliyekuwa na watoto wawili pale, alikwenda akiogopa kugusa.

“Haribu tu, mdogo wangu,” alimwambia. “Ndiyo tutajua ndani kuna nini.”

Tarehe 21 Juni 1986 alimwoa Ingunn, mkutubi, aliyezoea kusema ana mke mwenza mwenye waya nyingi. Walijaliwa binti, Tuva.

Februari 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Wakati huohuo kampuni moja kubwa iliiahidi shule kompyuta mpya za bure, mradi watoto watumie programu zake peke yake na kazi zao zihifadhiwe kwake. Manispaa ikauliza: Halvard akiondoka, hizi za zamani atazitunza nani? Swali hilo lilimkosesha usingizi kuliko maumivu. Borghild alihofia kaka yake ataondoka na donge moyoni.

Kwenye mkutano wa wazazi wa tarehe 16 Mei, mkuu wa shule alirudia swali hilo. Borghild, ambaye hakuwa amewahi kusema mkutanoni, akajibu kuwa wazazi watazitunza, maana ndio wanaozifungua kila mwaka. Mikono ikainuka mmoja baada ya mwingine. Mwezi Juni manispaa iliikataa ofa ile.

Halvard alipopata habari alimtazama dada yake. “Wewe? Ulisimama mbele za watu?”

“Sikusimama. Miguu ilikataa.”

Alicheka mpaka akakohoa, na usiku ule akalala hadi asubuhi. Alifariki nyumbani tarehe 4 Julai 2023, mkono wake ukiwa mkononi mwa Ingunn. Familia iliyojiandaa kwa mateso ilipewa utulivu, na inashukuru.

Ameacha mke, binti, dada na watoto wa dada yake. Dugnad ya vuli ipo kama kawaida. Ingunn anaomba aliyekuja leo na maua, siku hiyo aje na bisibisi.

Apumzike kwa amani Halvard. Kazi yake imepata wenyewe.