Lugha Aliyoimeza Mama Yetu

Waombolezaji mliofika, ndugu, majirani na wafanyakazi wenza wa marehemu, kabla mama hajatolewa uani kwake, watoto wake watatu wamekubaliana kwamba historia yake isomwe na binti wa pili, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, naye anaomba asikatizwe mpaka amalize.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, ng'ambo ya mpaka, akiwa mtoto wa tatu wa seremala na mkewe mkulima, akasoma huko hadi darasa la saba, na kwa maelezo ya mdogo wake, ambaye ndiye mama mdogo aliyeketi karibu na jeneza, kwao alisifika kwa mdomo, maana ukikaa naye nusu saa ulikuwa unaondoka umeshika mbavu kwa kicheko. Watoto wake hawakumjua mtu huyo. Mama aliyewalea alikuwa wa maneno ya kuhesabika, na historia hii haiwezi kusomwa kwa haki bila kusema nani alimnyamazisha.

Tarehe 2 Juni 1979 alifunga ndoa na marehemu baba, fundi wa malori aliyekuwa na kazi upande ule, na mwaka uliofuata akaja naye hapa, akafikia ukweni. Jioni ya kwanza alimsalimia kila mtu kwa lugha ya kwao, kwa kuwa hakuwa na nyingine, na wifi yake mkubwa, ambaye kwetu ni shangazi, akasema mbele ya nyumba nzima, "Hiyo milio ungeiacha mpakani, humu tunaongea kama watu." Mama alielewa kicheko kwanza, maneno akaja kufafanuliwa baadaye. Baba naye alicheka, ili yaishe, lakini hayakuisha, kwani tangu siku ile mama akabandikwa jina la Mgeni, na akaliitika mpaka uzeeni.

Mwaka 1983 aliajiriwa katika chumba cha kufulia cha hospitali, akafua na kupiga pasi shuka za wodi zote hadi alipostaafu mwaka 2016. Lugha ya hapa hakufundishwa ukweni, alifundishwa na akina mama wa chumba kile, katikati ya mvuke na kelele za mashine, neno moja moja, wakimsahihisha pasipo kumdhihaki. Akina mama hao wamesimama kule nyuma, na waliokalia viti vya mbele wanajijua.

Alijaliwa watoto watatu, kifungua mimba ambaye ni fundi umeme, binti anayesoma historia hii, na kitinda mimba ambaye ni mshonaji. Kifungua mimba alipoanza kusema, alimwita mama kwa lugha ya mama, shangazi akamzaba kofi la mdomo, mtoto mdogo vile, akamgeukia mama, "Usituharibie mtoto." Kuanzia hapo mama aliimeza lugha yake. Binti aliwahi kumkuta jikoni akiongea peke yake kwa maneno yasiyoeleweka, akamuuliza anasema na nani, mama akajibu, "Naigombeza sufuria, nenda kasome."

Baba alifariki tarehe 9 Novemba 1995, na udongo wa kaburi ukiwa bado mbichi, shangazi alifika kwenye vyumba viwili walivyopanga nyuma ya hospitali, akamtaka mama arudi kwao na watoto awaache. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Wifi, hawa nimewazaa mimi. Kama kuna wa kutoka kwenye mlango huu, ni wewe." Akaendelea kukunja nguo.

Tarehe 11 Agosti 2023 alipatwa na kiharusi, akalazwa katika hospitali ileile, na alipozinduka lugha ya hapa ilikuwa imemtoka yote, imebaki ya kwao tu. Alisema mchana kutwa, akiwakazia macho watoto wake, nao hawakuambulia kitu. Daktari wa wodi alisema, "Anaweweseka, msimsikilize." Shangazi alikuja kumjulia hali, akasema milio imemrudia, akaomba apewe dawa ya kumtuliza, na dawa ikatolewa. Kitinda mimba ndiye aliyempigia mama mdogo simu, akaiweka sikioni kwa mama, na mama mdogo akasikiliza, akaanza kulia, akasema kwa lugha ya hapa, ambayo anaijua kidogo, "Nyonga inamuuma. Anaomba mumgeuze. Anasema anawaambia kila siku." Walipomgeuza walikuta kidonda kipana kama kiganja, kimeoza kwa kulaliwa.

Mama mdogo alivuka mpaka usiku uleule. Siku zilizobaki mama alisimulia, akatania, akamchekesha mdogo wake hadi machozi, na watoto aliowazaa wakakaa pembeni ya kitanda wakitabasamu bila kujua wanatabasamia nini, kama wageni. Sumu ya kidonda iliingia kwenye damu, na tarehe 2 Septemba, saa nne asubuhi, akafariki. Ameacha watoto watatu na wajukuu watano, na wajukuu hao wameshaanza kufundishwa salamu na mama mdogo.

Familia inamshukuru nesi wa zamu ya jioni, aliyemgeuza siku zile za mwisho bila kukumbushwa, inawashukuru majirani kwa maturubai na kuni, na wenzake wa chumba cha kufulia, waliopiga pasi shuka iliyomfunika. Kwa daktari wa wodi, familia haina shukrani za kusoma.

Asubuhi hii shangazi ameagiza kwamba sala ya kaburini isomwe kwa lugha inayoeleweka na wote. Tumesikia. Itasomwa na mama mdogo, yote, kwa lugha ya mama, na haitatafsiriwa, na atakayeona ni milio anaruhusiwa kubaki hapa uani.

Pumzika kwa amani, mama, na huko uendako sema upendavyo.